Je, hewa ya nje kweli ina sumu? Filamu mbili za watu waliofungiwa, na swali la Majengo



Sisi wa Majengo tumewahi kupokea maagizo mawili yanayopingana. La kwanza lilikuja asubuhi na mapema tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya Nyiragongo kulipuka. Gavana wa kijeshi wa Kivu ya Kaskazini alitangaza kwamba watu wa kartie 10 za Goma wahame, na Majengo ilikuwa mojawapo. Tuliambiwa: tokeni, kwa maana huenda magma iko chini ya mji na chini ya ziwa. Watu wakabeba watoto, magodoro na bidoni, wakaelekea Sake, Rutshuru, Rwanda, na wengine Bukavu.

La pili lilikuja mwishoni mwa Januari 2025, mapigano yalipoingia mjini. Safari hii kila nyumba ilisikia kinyume: msitoke. Laleni chini, kaeni mbali na madirisha. Maji na umeme vilikatika, na familia zikahesabu vikombe vya maji vilivyobaki huku zikisikiliza milio ya nje.

Mwaka 2021 hatari ilikuwa chini ya nyumba, na mwaka 2025 ilikuwa barabarani. Lakini mara zote mbili baba na mama walijiuliza jambo moja: huyu anayetuambia hatari iko wapi, tumwamini? Kwa sababu hiyo tumechagua kueleza filamu mbili ambazo vijana wetu wanaweza kuzitazama na kuzizungumzia. Ya kwanza ni ya jirani zetu wa Kenya, ya pili ni ya Marekani. Zote mbili zinahusu watu waliofungiwa ndani kwa sababu wameambiwa kwamba nje kuna kifo. Tunaonya mapema: ili kueleza maana yake, itabidi tusimulie pia miisho yake.

Filamu za namna hii hufanya kazi vipi

Filamu ya kubuni ya kisayansi huanza na swali la "ingekuwaje kama". Ingekuwaje kama maji yangekwisha duniani? Ingekuwaje kama hewa isingefaa kuvutwa? Baadhi ya filamu hizo hujibu kwa vita vikubwa na mashine za ajabu. Nyingine huchukua njia ndogo zaidi: zinafunga mlango. Hadithi nzima inapita ndani ya vyumba vichache, na mtazamaji naye anaanza kutamani dirisha.

Katika chumba kilichofungwa, mwigizaji hana mahali pa kujificha. Hakuna mandhari ya kumsaidia. Kinachobaki ni uso, mikono, hatua, na namna anavyovuta pumzi. Kwa hiyo filamu ya namna hii husimama au huanguka kwa waigizaji wake wakuu.

"Pumzi" ya Wanuri Kahiu

Filamu ya Kenya inaitwa "Pumzi". Iliandikwa na kuongozwa na Wanuri Kahiu, ambaye mwaka 2008 alikuwa ametoa "From a Whisper", filamu inayohusu shambulio la bomu la mwaka 1998 kwenye ubalozi wa Marekani mjini Nairobi. "Pumzi" ilitoka mwaka 2009, na mwaka 2010 ikaonyeshwa katika tamasha la Sundance huko Marekani. Ni fupi, kama dakika 20 hivi, nayo ilipigwa picha Afrika Kusini.

Hadithi inatupeleka Afrika ya Mashariki ya wakati ujao, miaka 35 baada ya Vita Kuu ya Tatu ya dunia, ambayo ilikuwa vita ya maji. Watu waliobaki wanaishi ndani ya jumuiya iliyofungwa inayoitwa Maitu, neno la Kikikuyu lenye maana ya mama. Hakuna anayetoka bila kibali. Kila mtu anapewa maji kwa kipimo. Jasho na mkojo vinasafishwa ili vinywewe tena. Umeme unatokana na miili ya watu wenyewe, wanaokimbia na kuvuta mashine kama za mazoezi. Hata ndoto zinapimwa: mtu akiota, sauti ya mashine inamwamuru ameze kidonge cha kuzuia ndoto.

Asha anafanya kazi katika makumbusho ya viumbe na mimea iliyotoweka. Siku moja anapokea kifurushi kisicho na jina la aliyekituma. Ndani yake mna udongo. Anaupima na kukuta una maji mengi wala hauna sumu ya mionzi. Anapanda ndani yake mbegu ya zamani, nayo inachipuka. Anaomba kibali cha kwenda kutafuta udongo huo ulikotoka. Baraza linakataa: nje kumekufa. Walinzi wanakuja, Asha anaondolewa kazini na kupelekwa kwenye mashine za kuzalisha umeme. Lakini mwanamke msafishaji, ambaye Asha alikuwa amemgawia maji yake, anamsaidia. Asha anatoroka na mche wake.

Nje ni jangwa. Anatembea juani, amejifunika vitambaa alivyookota, akielekea kwenye mti aliouona katika ndoto. Anafika na kukuta mti umekauka. Hapo anachimba mchanga kwa mikono, anaupanda mche, anaumwagilia maji yake ya mwisho, anakamua hata jasho lake, kisha analala akiukinga kwa kivuli cha mwili wake. Kamera inapanda juu, na mti unakua pale alipolala.

Uigizaji wa Kudzani Moswela

Asha anaigizwa na Kudzani Moswela, na filamu yote iko mabegani mwake. Maneno ni machache sana. Mengi tunayoyasikia ni sauti za mashine. Moswela hawezi kutueleza kwa hotuba kwamba Asha amechoka, ana hofu au ana tumaini. Inambidi atuonyeshe.

Mwanzoni anasogea kama mtu aliyefundishwa asipoteze kitu: uso umetulia, mabega hayachezi, maji anayanywa kidogo kidogo. Hakuna anayempiga, hakuna kelele, lakini tunaona kwamba utaratibu wa ile jumuiya umeshaingia mwilini mwake. Kisha anaunusa ule udongo. Kwa mara ya kwanza anavuta pumzi ndefu, na uso wake wote unafunguka. Kuanzia hapo hatuhitaji mtu wa kutueleza kwa nini hatarudi kuwa yule wa zamani. Jina la filamu limeelezwa kwa kifua cha mwigizaji.

Huko jangwani Moswela anafanya kinyume. Ile nidhamu ya mwanzo inavunjika, hatua zinayumba, pumzi inakuwa fupi. Lakini macho hayatafuti msaada tena, yanatazama mche. Anapolala mchangani hatuoni mtu aliyeshindwa. Tunaona mtu aliyeamua.

Howard na Michelle ndani ya handaki

Filamu ya pili ni "10 Cloverfield Lane", iliyotoka mwaka 2016 na kuongozwa na Dan Trachtenberg. Michelle, anayeigizwa na Mary Elizabeth Winstead, anapata ajali ya gari usiku. Anapozinduka yuko katika chumba cha chini ya ardhi, mguu wake umefungwa mnyororo. Mwenye handaki hilo ni Howard, anayeigizwa na John Goodman. Anamwambia kwamba amemwokoa: kumetokea shambulio, hewa ya nje ina sumu, na hawawezi kutoka kwa muda mrefu. Ndani yumo pia kijana Emmett, anayeigizwa na John Gallagher Jr., ambaye aliingia kwa kupenda kwake.

Uigizaji wa Goodman unatisha kwa sababu haanzi kwa kutisha. Howard anapika na kugawa chakula, anapiga muziki, anaweka michezo mezani kama baba wa nyumba. Halafu mezani jambo dogo tu linamkasirisha, na sauti yake inajaza chumba. Baada ya dakika chache ametulia, anataka ashukuriwe. Wengi wetu tumewahi kukutana na mtu wa namna hiyo: mkarimu mradi tu asiulizwe kitu.

Winstead naye anaigiza mtu anayefikiri. Michelle halii sana. Anatazama kufuli, anahesabu funguo, anasikiliza. Siku moja anamwona mwanamke nje ya mlango, ngozi imeharibika, akililia aingizwe, naye anasadiki kwamba Howard alisema kweli. Baadaye, akiwa ametumwa kurekebisha mtambo wa hewa, anakuta neno la kuomba msaada limekwanguliwa kwa ndani kwenye kioo cha dirisha la juu. Ina maana mtu mwingine aliwahi kufungiwa humo kabla yake. Tangu hapo anaanza kushona kwa siri vazi la kujikinga, akitumia pazia la bafu.

Mwisho wake ndio uliotufanya tuiweke filamu hii kando ya "Pumzi". Michelle anatoroka, anaona ndege wakiruka, anaondoa kifuniko usoni na kuvuta hewa. Anaweza kupumua. Kumbe Howard alidanganya? Kabla hajafurahi anaona kwamba dunia imeshambuliwa kweli na viumbe kutoka angani. Howard hakukosea kuhusu hatari. Alikuwa na haki kuhusu hatari, na bado alikuwa mfungaji, na tena mwuaji.

Hewa ya kwetu

Mtu wa mji mwingine anaweza kuzitazama filamu hizi akahitimisha kwamba kila anayesema nje kuna sumu ni mwongo. Mtu wa Goma hawezi kusema hivyo. Tuna mazuku. Neno hilo la kwetu sasa linatumiwa na wanasayansi wa nchi nyingi. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, hasa upande wa magharibi wa mji kuelekea Sake. Haina rangi wala harufu. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inatulia mabondeni na kwenye mashimo. Mtu mzima anaweza kupita amesimama, na mtoto au mbuzi akafa pale pale kwa kuwa pua yake iko chini. Na mwaka 2021 baadhi ya watu walikufa kwa gesi walipojaribu kuvuka lava iliyokuwa haijapoa. Anayekwambia usipite hapo anakupenda.

Basi hatuwezi kupima mlinzi kwa kuuliza tu kama hatari ipo. Tunapaswa kuuliza pia namna anavyofunga mlango.

Tukumbuke Ebola. Ugonjwa ulitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ukafika Goma Julai 2019, na mwisho wake ukatangazwa tarehe 25 Juni 2020. Mtu aliyemgusa mgonjwa alifuatiliwa kwa siku 21. Kulikuwa na hofu na uvumi mwingi, lakini zile siku 21 zilikuwa na sababu inayoweza kuelezwa, na zilihesabika. Siku ya 22 ilikuwa na maana. Katika jumuiya ya Asha hakuna siku ya 22. Miaka 35 imepita, na kuuliza tu ni kosa. Kwa Howard vilevile: siku ya kufungua iko mkononi mwake peke yake.

Nuhu alikuwa na dirisha

Neno la Mungu linajua habari za milango iliyofungwa. Katika Mwanzo 7, Bwana mwenyewe anaufunga mlango wa safina. Nje kulikuwa na kifo cha kweli. Lakini safina ilikuwa na dirisha, na katika sura ya 8 Nuhu analifungua. Anamtuma kunguru, kisha njiwa, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Njiwa analeta jani bichi la mzeituni. Nuhu aliyeingia kwa imani hakuona kwamba kupima hali ya nje ni kukosa imani. Wala hakukimbilia nje kwa sababu ya jani moja. Alisubiri mpaka Mungu aliposema toka.

Udongo wa Asha unafanana na lile jani. Tofauti ni jinsi wakubwa walivyoupokea. Baraza la Maitu lilipoletewa ushahidi, lilikataa hata kwenda kuutafiti.

Sehemu ya pili ni Yohana 20. Jioni ya siku ya ufufuo wanafunzi wamejifungia ndani kwa hofu, na hofu yao haikuwa ya bure: Bwana wao alikuwa amesulubiwa siku chache tu kabla. Yesu anakuja kati yao milango ikiwa imefungwa. Hawakemei kwa kuogopa. Anawapa amani, anawaonyesha mikono na ubavu, yaani anawaachia waone ushahidi. Kisha anawatuma, na anawavuvia pumzi. Mlinzi wa kweli huingia mahali tulipofungiwa, huonyesha majeraha yake, na hutupa pumzi ya kutokea.

Tuwe waangalifu hapa. "Pumzi" si filamu ya Kikristo, na Asha si Kristo. Anatoa uhai wake, na hilo linatukumbusha maneno ya Yesu kuhusu punje ya ngano katika Yohana 12:24. Lakini filamu inaishia kwenye mti unaokua juu ya kaburi, nasi tunahubiri kaburi lililo wazi. Hata hivyo tunaweza kujifunza kitu kwa kumlinganisha na Howard. Wote wawili wanasema wanalinda uhai. Howard anatumia uhai wa wengine ili kulinda handaki lake. Asha anamwaga maji yake mwenyewe.

Milango yetu wenyewe

Ni rahisi kumtafuta Howard kati ya wenye silaha na wenye vyeo. Ni vigumu zaidi kumtafuta nyumbani na kanisani. Kuna mume anayemkataza mke wake kwenda sokoni, kwenye kikundi cha akina mama, hata kwa ndugu zake, akisema mji umeharibika. Mji umeharibika kweli, hatukatai. Lakini mama yule akiuliza lini atatoka, anapigwa. Kuna vyumba vya maombi ambamo mgonjwa anafungiwa na kukatazwa hospitali kwa kuambiwa kwamba atakayetoka atakufa. Kuna kijana anayeambiwa kwamba maswali yake ni ya shetani, kama Asha aliyepewa kidonge cha kuzuia ndoto. Katika hali hizi zote mfungaji anaweza kutaja hatari ambayo ipo. Hilo halimfanyi kuwa mlinzi.

Na sisi wachungaji, wazee na wazazi tujipime kwa maswali matatu ya wazi. Je, ninaeleza sababu ya kufunga, kwa namna ambayo mwingine anaweza kuipima? Je, ninakubali kuulizwa bila kukasirika? Je, nimetaja siku au dalili itakayofanya mlango ufunguliwe? Kama jibu ni hapana mara tatu, tuogope. Huenda mbele ya watu wetu tumekuwa baraza la Maitu.

Kwa vikundi vitakavyotazama

"Pumzi" inafaa kikao kimoja cha vijana: dakika 20 za kutazama, saa moja ya mazungumzo. Kwa kuwa maneno ni machache, hata asiyejua Kiingereza ataifuata. "10 Cloverfield Lane" ni ndefu na ina mauaji, kwa hiyo si ya watoto wadogo. Na kwa walioshinda siku nyingi wamejifungia mwezi wa Januari 2025, kutazama watu waliofungiwa kunaweza kuamsha mambo mazito. Mtu akitaka kutoka nje katikati ya filamu, aachwe atoke, na mmoja amfuate taratibu akae naye.

Maswali haya yanaweza kusaidia:

1. Ni wakati gani ulianza kumwamini Howard, na ni wakati gani uliacha? Ni nini katika uso au sauti ya mwigizaji kilikubadilisha?

2. Msafishaji katika "Pumzi" hana cheo wala hotuba. Kwa nini bila yeye hakuna hadithi? Kwenu ni nani aliye kama yeye?

3. Soma Mwanzo 8:6-16. Nuhu alipima na pia alisubiri. Mwaka 2021 tulipoambiwa tuhame Majengo, tulifanya lipi kati ya hayo mawili?

4. Je, yuko mtu katika familia au kanisa letu anayekwangua kioo kwa ndani, na hatujamsikia?

Swali la nne lisiachwe bila kujibiwa. Kama kuna jina linalokuja moyoni, nendeni mkamtembelee wiki hii, wawili wawili, mkagonge mlango.

Bwana aliyeingia milango ikiwa imefungwa awape watu wake amani na pumzi. Amina.